Mbuzi Aliyezaa Angani

Lifti ya angani ilikuwa imekwisha kuziacha paa za Isiolo, na migunga ya huko chini imekuwa midogo kama iliki zilizomwagwa kwenye sinia, wakati Mzee Shekuwe alipoulizwa kama mbuzi wake ameshiba.

"Mtahiniwa Shekuwe," sauti ilitoka darini, laini, yenye adabu zake. "Mbuzi wako yuko wapi? Majani yake yanakauka."

Mzee alitazama dari, kisha akatazama pembeni mwa chumba. Kweli, palikuwa na zizi dogo la plastiki, fungu la majani mabichi, ndoo ya maji na nepi iliyokunjwa vizuri, yenye tundu la mkia.

"Mbuzi ni hii hapa," akasema. Akafungua mfuko wake wa safari, ule uliokwisha zunguka naye Moyale, Mpanda, Juba na kwingine alikokwisha kusahau, akatoa mbuzi ya kukunia nazi: mbao mbili nyeusi zilizopishana kama mkasi, na mbele ulimi wa chuma wenye meno. Akaikunjua, akaikalia, apate kueleweka.

"Sioni mbuzi," ikasema sauti. "Naona kigoda."

"Ndiyo mbuzi."

"Mbuzi ni yupi?"

"Si yupi, we! Ni ipi? Ni hii!"

"Fomu yako imesema: *naleta mbuzi wangu*. Wangu ni wa kiumbe hai. Ungeleta chombo, ungesema *mbuzi yangu*."

Hiyo sauti iliitwa Karani. Ilikuwa mashine ya Baraza la Mitihani, ikijua kila mtahiniwa na kila kanuni, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama rula. Kosa la mtu ililichukua kama amana; ililihifadhi vile vile lilivyo.

Msichana aliyekaa mkabala na Mzee alijifunika uso kwa shuka la safari. Huyu alikuwa Nekesa, wa Webuye, wa kidato cha sita, na ndiye aliyemjazia Mzee fomu kule chini kwa sababu macho ya Mzee na herufi ndogo hayapatani.

"Nekesa."

"Babu, nisamehe. Shuleni kwetu kila mtu husema *mbuzi yangu amepotea, ng'ombe yangu amekufa*. Mwalimu akanisimamisha mbele ya darasa kwa hiyo *yangu*. Nikaapa sitaitamka tena maishani."

"Sasa umekwenda kutimiza kiapo chako juu ya mbuzi yangu mimi!"

"Rekodi hufungwa lifti inapoondoka," Karani akaendelea. "Mbuzi ni mbuzi hadi tutakaporudi. Swali la lazima kwa abiria wenye mifugo: je, ana mimba? Mnyama akizaa safarini, mtoto husajiliwa kwa jina la mtahiniwa yeyote atakayetajwa na mwenye mnyama."

"Hana mimba," akajibu Mzee. "Huyu ni mjane wa siku nyingi."

Nekesa alicheka hadi shuka likamponyoka. Mlangoni alikuwa amesimama Madam Mghoi, msimamizi wa mtihani, Mtaita mrefu mwenye sauti ya kanisani. Alikuwa anajitahidi kutocheka, akashindwa. Kanuni hiyo, akaeleza, iliwekwa kwa ajili ya watahiniwa wa Kilimo ambao hupanda lifti hiyo hiyo na kuku wao. Hakuna aliyefikiri kwamba siku moja ingewagusa watu wa Historia ya Sanaa.

*

Kidato cha sita kilifutwa zamani, kikarudishwa, na kiliporudi kilirudi na mambo yake. Mtihani wa Historia ya Sanaa ulikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ya kuandika, kama mitihani yote tangu dunia iumbwe. Ya pili iliitwa Mikono, na hiyo ndiyo iliyowapandisha watu angani.

Mti ukichongwa, udongo ukifinyangwa, chuma kikipigwa, hubakiza ndani yake mtikisiko mdogo wa mkono uliofanya kazi. Huko chini hausikiki. Uzito wa dunia na ngurumo za malori huufunika. Lakini juu kabisa, kwenye Kituo, ambako kijiko ukikiachia hakianguki, kuna mashine iitwayo Kigusio. Unakifunga kitu chako ndani yake, unavaa glavu, na mikono yako inaanza kwenda kama ilivyokwenda mikono ya fundi, hata kama fundi alizikwa kabla ya babu yako kutahiriwa. Halafu unamweleza msimamizi: fundi huyu alianzia wapi, alikosea wapi, alijua nini.

Ila jambo lenyewe lilikuwa na utungu. Ukisoma, umefuta. Ilikuwa kama kupangusa vumbi ili uone maandishi, kumbe maandishi yenyewe ndiyo vumbi. Wataalamu walijaribu kuunasa mtikisiko huo katika mashine, wakapata mwendo bila uzito, kama picha ya chakula. Mkono ulipokelewa na mkono tu, na mara moja tu. Ndiyo maana kila mtahiniwa alileta kitu cha kwao, kisichowahi kusomwa, na kila mtu alipanda kwa mtihani mara moja tu katika maisha yake. Kamba ya lifti ni moja, watu ni wengi.

Lifti ilichukua siku kadhaa, na siku hizo ndizo zilizokuwa za kudurusu.

"Nguzo za Wagiriki," Nekesa alisema, kitabu magotini. Walikuwa wamekwisha pungukiwa na uzito, na kila akigeuza ukurasa alinyanyuka kidogo kitini kama mandazi kwenye mafuta.

"Ziko tatu. Doriki, Ioniki, Korintho."

"Utazitofautishaje?"

"Kwa vichwa. Doriki ana upara. Ioniki ana pembe za kondoo dume. Korintho kabeba fungu la mchicha uliochelewa kuvunwa."

"Babu, huwezi kuandika mchicha kwenye mtihani!"

"Kwani wao huko Ugiriki hawana mboga?"

"Akantho. Jani linaitwa akantho."

"Akantho, akantho," alirudia Mzee, na vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vikagonga ubao wa mbuzi: *ta-ta-ta... ta.*

"Haya, sanamu ikisimama uzito wote mguu mmoja, nyonga imepanda, bega limeshuka. Inaitwaje?"

"Hiyo naijua. Mke wa jirani anayesubiri foleni ya bomba na ana jambo la kusema."

"Babu!"

"Kontraposto! Kontraposto. Jibu ninalo, wewe unaharakisha."

*Ta-ta-ta... ta.*

"Na hiyo kugonga-gonga uiache, nakuomba. Tangu Isiolo unanigongea kichwani."

"Nimegonga lini?"

"Sasa hivi!"

Mzee aliutazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Ule wa kushoto ulikuwa na historia. Alisoma darasa la kwanza Siyu, na huko mwalimu aliufunga kwa kamba aandikie wa kulia. La nne alilisoma Garissa, la saba Kitale katika shule ya usiku ya madereva, na kidato cha nne kwa redio akilinda kiwanda cha saruji. Hakuna mahali alipoanza akamaliza. Miguu yake ilikuwa na kichaa chake. Lakini hakuwa amepanda huku kwa cheti, ingawa aliwaambia watu hivyo. Alikuja kwa ajili ya mbuzi.

Baba yake, fundi wa mbao wa Siyu, alimchongea mkewe mbuzi hiyo mke akiwa na mimba ya Shekuwe. Hakumwona mtoto huyo akizaliwa. Alikwenda kutafuta mbao bara akarudi na homa, na homa hiyo ikamchukua. Hakuacha picha wala nguo, na jina lake hakuna aliyelitaja ila kwa dua. Mama alipomkabidhi Shekuwe mbuzi siku ya safari yake ya kwanza alisema, "Usimpe mtu. Baba yako yumo humu." Mzee alidhani ni maneno ya wanawake ya kuaga, mpaka siku aliposikia habari za Kigusio.

*

Uzito ulipopungua vya kutosha, Madam Mghoi alikuja na kengele ndogo ya fedha. Kazi yake ilikuwa kupiga hodi. Kengele ikiguswa kwenye kitu chenye mkono ndani yake, huitika kwa mlio wake wenyewe. Haisomi wala haifuti. Inauliza tu kama kuna mtu nyumbani.

Aliigusisha kwenye mbuzi. Kengele ikaitika, sauti nzito, ndefu, kama mtu anayesema *karibu* akiwa chumba cha ndani.

"Kuna mtu," alisema Madam kwa upole. "Tena yuko wazi sana. Haya, Nekesa."

Nekesa alifungua kisanduku. Ndani mlikuwa na kinyago, kichwa cha mzee mwenye chale mashavuni, cheusi, kinang'aa. Mjomba wake alimletea kutoka Nairobi akaapa ni kazi ya mikono ya zamani. Tangu kidato cha tano alikuwa ameandika juu yake kurasa na kurasa, na kila chale alikuwa ameipa maana.

Madam akakigusa kwa kengele. Kimya.

Akagusa tena, kisogoni. Akagusa shingoni. Akakigeuza, akatazama chini kwa muda mrefu.

"Nekesa, mama," akasema, "hiki kimechongwa na mashine. Hakuna mtu nyumbani."

Nekesa hakulia. Alikirudisha kinyago kisandukuni, akakifunika, akakirekebisha kitambaa kana kwamba mzee yule angesikia baridi. Hilo likamuumiza Shekuwe kuliko kilio.

"Sasa itakuwaje, Madam?"

"Bila kitu, Karatasi ya Mikono ni sifuri. Na huwezi kupanda kwa mtihani mara ya pili. Pole sana. Kitu kimoja, mtahiniwa mmoja, ndiyo kanuni."

Msichana huyu alitaka Chuo cha Uhifadhi, kilichokuwa huko huko juu, ambako watu hufundishwa kupokea mikono inayokaribia kupotea na kuwafundisha wengine. Alikuwa amemwambia Mzee siku ya kwanza, kabla hata hajamwambia jina lake.

*

Mzee Shekuwe alijivuta hadi dirishani. Dunia ilikuwa imekaa chini, ya bluu, imejifunga wingu kama mtu aliyetoka kuoga. Aliishika mbuzi kifuani. Sasa ilikuwa nyepesi kama mkate wa mofa.

Akawaza: mimi nina umri huu. Nikisoma, baba atatoka kwenye mti aingie mikononi mwangu, na mikono yangu hii itazikwa pengine kabla ya masika mawili. Nitakuwa nimemtoa nyumba ya mbao nikamtia nyumba ya udongo. Huyu mtoto ana miaka sitini mbele yake. Lakini nikimpa yeye, nitakuwa nimemfikisha baba mlangoni pangu, nikamwambia apite kwa jirani.

Akaona haya kwa wazo la pili, kisha akaona haya kwa kuona haya. Mtu hamtaki baba yake?

Vidole vyake vikagonga ubao. Akavitazama, akavinyamazisha. Hapo ndipo jicho lake liliposhuka kwenye pini.

Mbao mbili za mbuzi zilishikanishwa na pini moja ya mti, katikati, mahali zinapopishana. Haikuwahi kutolewa tangu ipigwe. Ubao mmoja ulikuwa wa kichwa, wenye meno. Wa pili ulikuwa wa mkia. Zote mbili baba alizichonga.

"Nekesa!" akaita. "Njoo unishikie mbuzi. Ana uchungu."

"Uchungu wa nini, babu?"

"Uchungu gani humpata mbuzi? Wa kuzaa!"

Alimwelezea. Nekesa alielewa haraka kuliko alivyotarajia, na alikataa haraka vile vile.

"Hapana. Huyo ni baba yako. Utampasua katikati kwa ajili ya mtu uliyekutana naye kwenye lifti?"

"Baba yangu amekaa kwenye mti umri wangu wote, hana hata mtu wa kumwambia hujambo. Leo anapata wawili."

"Na kama lile ulilokuwa ukilitafuta liko kwenye nusu yangu?"

Hilo Mzee alikuwa amelifikiri.

"Basi utaniambia," akasema. "Wewe si una mdomo? Tangu Isiolo haujafungwa."

Nekesa aliangua kicheko chenye machozi ndani yake. Mzee akatoa msumari mfukoni, akauweka juu ya pini. "Haya, sukuma wewe. Taratibu. Mbuzi wa kwanza huzaa kwa taabu."

Pini ilitoka ikilia kama mlango wa zamani. Mbao zikaachana, zikaelea hewani kila mmoja upande wake, zikizunguka polepole.

"Karani!" Mzee akapaza sauti. "Mbuzi wangu amezaa!"

"Hongera," ikasema Karani. "Fomu ilisema ana mimba?"

"Fomu ilisema hana. Lakini wewe mwenyewe umewahi kumwona mbuzi anayemwambia mtu kila kitu?"

"Sijawahi. Jinsia ya mtoto?"

Mzee alimtazama Nekesa. Nekesa aliutazama ubao. "Jike," akasema.

"Atasajiliwa kwa jina la nani?"

"Nekesa. Huyu wa Webuye, mwenye kuapa."

"Naomba msimamizi athibitishe."

Madam Mghoi alikuwa amekwisha fika mlangoni, mikono kiunoni. Alizitazama mbao mbili zikielea. Akamtazama Nekesa, akamtazama Mzee. Mzee aliona mapigano yakipita usoni mwake, maana huyu alikuwa mtu wa kanuni. Ndiyo sababu alipewa kengele.

"Mnataka niidanganye mashine," akasema.

"La, Madam. Jibu unachokiona tu."

Madam alichukua kengele. Akagusa ubao wa kichwa: ikaitika. Akagusa ubao wa mkia: ikaitika pia, sauti ile ile, nyembamba kidogo. Akapumua.

"Karani. Wakati tunaondoka alikuwa mmoja. Sasa ni wawili, na wote wanaitika hodi. Jambo hilo kwa Kiswahili wewe unaliitaje?"

"Kuzaa," ikasema Karani bila kusita.

"Basi andika."

"Imeandikwa. Nimeongeza nepi moja ndogo."

*

Kigusio kilikuwa ndani ya chumba kidogo cheupe chenye viti viwili, na siku yao ilipofika Madam aliwakalisha wote wawili humo, kwa kuwa mama na mtoto, kanuni za mifugo zilisema, wasitenganishwe.

Mzee Shekuwe alivaa glavu. Ubao wa kichwa ukafungwa mbele yake. Kwa muda hakukuwa na kitu, mlio tu wa mashine, kama nzi aliyepotea. Kisha mkono wake wa kushoto ukaamka.

Wa kushoto! Ulishika patasi isiyokuwepo, ukasukuma, na wa kulia ukaja nyuma yake kuusaidia kama mke wa pili. Ulikuwa mkono wa haraka, wenye subira pale tu mti ulipotaka subira. Uliteleza mahali, ukarudi, ukalifanya kosa kuwa ua. Mzee alianza kucheka huku glavu zikiendelea na kazi.

"Mtahiniwa, eleza," alisema Madam, kalamu tayari.

"Fundi ni mashoto, Madam. Mashoto kama mimi! Na hakuna aliyemfunga kamba. Hapa amekosea. Hapa amelificha kosa, jambazi huyu. Na hapa... hapa anafanya haraka, anataka kumaliza. Kuna mtu anamsubiri nyumbani."

Alisema na machozi yakamtoka, na huko juu machozi hayaanguki. Yalikaa machoni kama miwani, ikabidi Madam ayapanguse kwa kitambaa ili mtahiniwa aweze kuona.

Halafu ikawa zamu ya mtoto wa mbuzi. Nekesa alifumba macho. Mikono yake ilianza kuchonga, mashoto naye, ikimshangaza. Akaeleza vizuri, kwa maneno ya kitabu, mwelekeo wa nyuzi za mti na pembe ya patasi. Kisha mikono ikasimama.

"Amesimama," akasema Nekesa. "Anafikiri. Anausikiliza mti, anaupiga kwa vidole viwili. Hivi."

Mkono wake wa kushoto, ndani ya glavu, ukagonga pembeni ya kiti.

*Ta-ta-ta... ta.*

Nekesa akafumbua macho, akautazama mkono wake, kisha taratibu akamgeukia Mzee.

"Babu," akasema kwa sauti ndogo. "Usiiache. Nilikuambia uache, usiiache."

Mzee Shekuwe alinyoosha mkono wake wa kushoto, mtupu, akagonga pembeni ya kiti chake. Naye Nekesa akaitikia.

"Endeleeni," Madam Mghoi alisema akiwapa mgongo. "Muda wa mtihani bado upo."

*

Mzee Shekuwe alifaulu kwa alama ya chini kabisa inayoruhusiwa. Kwenye karatasi ya kuandika aliandika mchicha. Cheti alikitia kwenye mfuko wa safari, akashukia Isiolo na kuelekea Turkana kwa sababu hakuwahi kufika huko. Alifariki Lodwar masika ya tatu baadaye, kwenye nyumba ya mwenyeji wake, baada ya chakula.

Nekesa alifaulu vizuri, akaingia Chuo cha Uhifadhi. Sasa anafundisha huko. Anachonga kwa mkono wa kushoto, ingawa anaandika kwa wa kulia, na wanafunzi wake wote hugonga mti kwa vidole viwili kabla ya kuanza. Wengi wao hawajui kwa nini.

Madam Mghoi alistaafu, akarudi Wundanyi, anafuga nyuki.

Mjomba wa Nairobi alirudishiwa kinyago. Anazuilia mlango nacho.

Mbuzi ilirudishiwa pini yake, na Mzee akamwachia Nekesa. Iko Webuye, jikoni kwa mama yake Nekesa, na nazi hupatikana sokoni siku za Jumamosi. Katika rekodi za Karani, ambazo hakuna aliyezirekebisha, bado ni mbuzi wawili, mama na binti, wote wazima, na kila muhula hupelekwa Kituoni fungu la majani mabichi kwa ajili yao.